Gunzi la Baba

Jumamosi, Julai. Baridi ya leo hapa Kianjokoma ni ile ya kuvaa sweta mbili na bado unatamani blanketi. Ukungu ulikaa juu ya majani chai hadi saa nne. Mimi nimetulia, shajara, lakini ni utulivu wa mtu aliyetoka kuaibika. Acha nikueleze yote kabla sijaanza kujitetea.

Asubuhi tuliondoka kwenda Meru kuuza pikapu ya Baba.

Baba alituacha mwaka jana, Mungu amlaze pema. Tangu hapo dereva ni mimi: alfajiri nampakia Mama na magunia yake ya nduma, namshusha sokoni Embu, kisha naendelea na kazi yangu ya ukarani. Mambo yalienda vizuri mpaka pikapu ilipoanza tabia. Inatembea nusu saa, inakohoa, inazima. Ukipiga stata inazunguka tu. Unakaa, unakasirika, unaomba Mungu, na baada ya muda inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi wetu amebadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta, na kabureta ameisafisha mara mbili. Kila akimaliza anafungua tanki achungulie mafuta, anapiga stata, inawaka papo hapo. Ananitazama kwa furaha, namshukuru. Kesho yake niko kando ya barabara tena, boneti juu, watu wa bodaboda wakinipa ushauri.

Wiki iliyopita nilichoka. Nikamwambia Mama gari imekufa, na kwamba Bwana Saidi, muuza nyama wa Majengo kule Meru, amekubali kuichukua vile ilivyo. Bila pikapu, Mama na soko basi. Mgongo wake hauwezi tena kugombania nafasi na magunia kwenye gari za watu. Alijua hivyo, na mimi nilijua. Alisema tu, "Sawa, Wanja, kama imefika mwisho imefika." Nikachukua hiyo kuwa ruhusa. Sikutaka kumwangalia usoni.

Leo alisema lazima aisindikize. Kabla hatujatoka aliingia ndani ya pikapu na kiondo, akatoa vitu vya Baba kimoja kimoja: tochi, spana, sweta, kitabu cha nyimbo cha kanisa. Chini ya kiti akapata gunzi la mahindi lililozungushiwa kitambaa. Akalitia kiondoni pia.

Hilo gunzi ninapaswa kulieleza. Kifuniko cha tanki kilipotea zamani, na Baba akachukua gunzi jikoni, akalivika kitambaa, akaziba. Mjadala ukaisha. Hata mvua ilipomlazimu kulibadilisha, alichagua gunzi lingine. Basi mwezi wa tatu mwenzangu ofisini aliniuliza mbele ya watu kama gari langu linakula mahindi. Walicheka sana. Nilicheka nao, halafu jioni hiyo nikanunua kifuniko kwa mafundi wa jua kali. Kilikuwa kinalegea kidogo, kwa hivyo nikakata mpira wa tyubu, nikaupachika ndani, kikakaza kabisa. Hata tone halitoki. Nilijivunia ile kazi, we acha tu.

Leo pikapu ilizima baada ya Runyenjes. Ikazima tena kwenye mpando wa Thuci. Ya tatu ilikuwa kabla ya Chuka, na hapo nikaupiga usukani ngumi nikaumia mkono. Geji ilionyesha mafuta yapo. Nilishuka nikafungua boneti, nikawa naangalia injini bila kuelewa ninachoangalia.

Mama alikuwa ndani, kiondo magotini, akiligeuzageuza lile gunzi. Akaniita.

"Wanja, debe la mafuta ya kupikia unatoboa mashimo mangapi?"

"Mawili, Mama." Nilimjibu kwa ukali kidogo. Nisamehewe.

"La pili ni la nini?"

"La hewa. Bila hilo mafuta hayatoki."

"Haya. Na hiyo tanki, hewa inapitia wapi?"

Niliacha boneti wazi. Kisha nikaenda nyuma nikashika kifuniko changu. Kilikataa, nikakipinda kwa nguvu, na tanki ikavuta hewa kwa sauti ndefu: fyuuuu. Nikarudi nikapiga stata mara moja. Ikawaka.

Tabia ilianza mwezi wa tatu. Kifuniko kilikuwa cha mwezi wa tatu. Gunzi la Baba lilipitisha hewa, mpira wangu ukaiziba. Fundi alikuwa akiiponya kila mara kwa kufungua tanki, na hakujua. Mimi karani, ninayepanga faili kwa tarehe, sikuona.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakusema mapema. Akasema wazo limemjia sasa hivi tu, gunzi likiwa mkononi. Halafu akaongeza, "Na wewe ulikuwa umefurahia sana hicho kifuniko." Nililia. Hakuniuliza ninalilia nini, alinimiminia chai ya chupa.

Nakiri hapa kwa sababu kwingine sitaweza: nilikuwa nimeshaamua pikapu ni mzee, na Mama nilikuwa nimeanza kumweka kwenye fungu hilo hilo. Nilikuwa nikimstaafisha kwa sababu ya kipande cha mpira nilichokata mwenyewe.

Nilimpigia Bwana Saidi kumwomba radhi. "Kumbe gari imepona ndio waninyima!" akasema, akacheka mpaka nikacheka. Tukageuza pale pale, gunzi likiwa mahali pake mdomoni mwa tanki.

Haikuzima hata mara moja. Njia nzima Mama alikuwa anarudisha vitu. Spana chini ya kiti, tochi pale mbele, sweta nyuma ya mgongo wake. Kufika Runyenjes alianza kuimba kutoka kwa kile kitabu, polepole, kwa Kiembu. Tulipoingia uani kwetu kiondo kilikuwa kitupu.

Sasa jioni inaingia na yuko nje anachagua nduma za Jumatatu, mgongo ukiuma na mdomo ukiagiza kila mtu. Mimi nimeshaamua. Jumatatu nitaegesha karibu na mlango wa ofisi, upande wa tanki ukiangalia watu.

Na yule wa kuuliza kuhusu mahindi, namngoja.