Neno Moja la Kiingereza Ulilozidisha

Lubumbashi, Kampemba
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Yassine,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini karatasi hii itakukuta na afya, na kwamba baridi ya huko Calgary bado haijakufungia ndani. Sisi huku tunapumua. Vumbi ni lile lile la kungojea mvua, umeme unakuja na kuondoka upendavyo. Mama hajambo, ila magoti. Mdogo wetu Nono ameingia darasa jipya na tayari anawalalamikia walimu. Habari za Baba ndizo zimenikalisha chini niandike.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu nashindwa. Nikianza tu kusema, wewe unaomba msamaha, unalia, nami nalia, mtandao unakatika kabla sijasema lolote. Marie-Thérèse, yule jirani wetu mwenye binti huko kwenu, anapanda ndege kwenye uwanja wa Luano kesho. Atapitia kwanza Brussels kwa dada yake, kisha atakuletea.

Wewe unajua ya upande wako: ulifaulu mtihani wa kutunza wagonjwa, ukaandika furaha yako mtandaoni, ukalala, ukaamka ukakuta tumekupigia mpaka basi. Yaliyotupata ulipokuwa usingizini hakuna aliyekusimulia yote.

Huku kulikuwa kumekucha. Rachida, binti wa mama mdogo, aliingia uani bila hodi, simu mkononi, kilemba kimemdondokea mabegani. Alikuwa ameona maneno yako: "Thank God, I passed away today!" Simu yake yenyewe ilikuwa imeyageuza kwa Kifaransa: namshukuru Mungu, nimefariki leo. Mimi kwanza nilicheka. Nikamwambia maiti haandiki. Lakini chini yake kulikuwa na maneno ya rafiki zako, mengi, na picha za mafuvu na majeneza. Mmoja ameandika "RIP bro". Mwingine "We lost a real one". Simu ikageuza na hayo: pumzika kwa amani, ndugu, tumempoteza mtu wa kweli. Kicheko kikanikauka.

Tukakupigia. Ikaita mpaka ikakatika. Tukarudia. Nikakimbia kwa jirani yetu Clément, mwalimu wa Kiingereza. Alisoma amesimama mlangoni, akasoma tena, akavua miwani.

"Zabibu, hii neno iko ya kifo," aliniambia. "Passed away ni kufa. Lakini sielewi juu ya nini ameandika 'mimi'."

"Pengine muntu mwingine ameshika telefone yake?"

"Pengine," akasema.

Hilo "pengine" ndilo lililotumaliza. Nilitaka tungoje, lakini niliporudi nyumbani Rachida alikuwa ameshawaambia wanawake kwenye bomba la maji. Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimeletwa, mikeka imetandikwa, na Shehe Amadi ameanza dua. Nilisimama katikati ya kilio chako, simu sikioni, nikiisikiliza inavyoita huko kwako, huku watu wananikumbatia mmoja mmoja. Sikujua nimzuie nani.

Baba alikuwa kwenye kibanda chake cha kushonea, mbali na kelele, anamaliza kanzu ya bwana harusi mmoja. Nilisema niende mwenyewe nimweleze polepole. Nilichelewa. Mpita njia alikuwa ameshampa pole. Nilimkuta ameinamia mashine, mguu bado uko kwenye pedali, mdomo umekwenda upande.

Ulipopiga, alasiri, tulikuwa hospitali. Mama ndiye aliyepokea. "Iko muzima! Mutoto wangu iko muzima!" Alipiga kelele mpaka wauguzi wakaja mbio. Huku nyumbani watu walicheka, wengine walikasirika, wakala chakula kilichokwisha kupikwa, wakaondoka na viti vyao.

Jioni Clément akaja kutufafanulia. Kufaulu ni "passed" peke yake. Wewe uliongeza kale kaneno 'away', kakaugeuza mtihani kuwa mauti. Wenzako waliona umekosea, wakakutania. Hata yule aliyeandika "I'm dead", nimekufa, na fuvu pembeni alimaanisha kwamba amecheka sana. Ndivyo vijana wanavyosema mtandaoni siku hizi. Clément aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyetunga Kiingereza hicho. Tangu hapo akienda shuleni anazunguka njia ya nyuma asipite mlangoni petu.

Nami sijui nimkasirikie nani. Wewe ulikuwa na furaha. Wenzako walikuwa na mzaha. Clément alisoma kilichoandikwa. Rachida alikupenda akalia. Namtafuta mwenye kosa simpati, na Baba amelala pale.

Hospitali imemruhusu, lakini upande wake wa kulia haujarudi. Kusema anasema, kwa shida. Lakini kuna jambo Mama alinikataza kukuambia, nami siwezi kulibeba peke yangu: Baba haamini kwamba uko hai.

Unakumbuka tulivyomwekea sura yako kwenye simu? Ulimwita, ukamwonyesha chumba chako, ukamwonyesha dirisha. Alikutazama kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani, nikakuambia amechoka. Hakuwa amechoka. Tulipokata simu alisema:

"Hapana. Bantu banatengeneza sura mu telefone. Banatengeneza na sauti. Mutoto wangu alikufa."

"Baba, ni Yassine. Mimi naongea naye kila siku," nikamwambia.

"Weye unapenda kunituliza, mama. Asante."

Alinishukuru, Yassine. Angenitukana ningejua la kujibu.

Daktari amejaribu. Shehe Amadi amejaribu. Baba anawasikiliza kwa adabu, anaitikia kwa kichwa, kisha ananiuliza kama uliogeshwa na Waislamu. Ndiyo sababu Mama anaongea nawe jikoni kwa sauti ya chini, simu ameifunika na kitenge. Baba akimsikia anamwonea huruma. Anadhani huzuni imemharibia akili hata anasalimiana na marehemu.

Usiniandikie kwamba utakuja. Najua karatasi zako za ukaazi bado, najua ukitoka sasa mlango utafungwa nyuma yako. Sikuiti. Nakuomba jambo moja tu: utuandikie namna ya kumgeuza mgonjwa. Wewe huko unawageuza wazee wa watu kitandani, umesomea, umepewa cheti. Huku mimi na Mama tunamgeuza wetu kwa kubahatisha tu, na ngozi ya mgongo imeanza kuwa nyekundu.

La mwisho. Baba ametaka arobaini yako isomwe. Shehe Amadi alikataa, akasema hawezi kumfanyia hivyo mtu aliye hai, na ana haki. Baba akajibu kwamba basi atasoma mwenyewe. Kila asubuhi anafanya mazoezi. Mdomo unakataa, neno linavunjika katikati, anaanza tena tangu mwanzo, jasho linamtoka. Niligombana na Mama juu ya jambo hili. Nilimwambia hatuwezi. Akanijibu, "Tumuache amuzike. Pengine atalala usingizi."

Itakuwa Jumapili ijayo. Majirani wachache wamekubali kuja kwa ajili yake, wanajua. Rachida ataleta mikeka. Mimi nitapika wali na nyama. Nilisema sitapika, lakini jana nilikwenda sokoni kununua vitunguu. Barua hii ikikufikia, yatakuwa yamekwisha kupita.

Nisalimie rafiki zako, hata wale wa majeneza, hawakujua. Mama anakubusu kwenye paji la uso. Nono anasema umletee viatu. Rachida bado anaona haya kukupigia, wewe mpigie. Salamu za Clément pia, ingawa hakunituma.

Mungu akupe umri mrefu, mdogo wangu. Jumapili Baba akimaliza kusoma, wote wataitikia amina kwa ajili ya roho yako. Mimi nitaitikia pamoja nao, kwa sauti, ila amina yangu itaiombea pumzi yako iliyo kifuani.

Yaya, dada yako mkubwa akupendaye, anayejua kwamba upo,
Zabibu