Bei ya Jiwe la Moding

Nabwire mjukuu wangu,

Huku Mundika tuko wazima. Goti langu bado linanung'unika, na mama yako amemaliza kuvuna njugu. Umeniuliza huyo mnunuzi wako wa Nairobi tumuuzie cherehani ya marehemu nyanya yako kwa bei gani.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa vyuma Busia. Siku moja niliitwa kortini. Mtu alikuwa ameshikwa Malaba akivusha jiwe lililoanguka kutoka angani, alilomwibia mama mmoja wa Moding. Hakimu alitaka bei yake kwa ajili ya kesi. Nikaligonga kwa nyundo, likalia kama chuma. Nikalipima kwa mizani, nikatangaza kwa maringo: "Chuma chakavu, mheshimiwa. Shilingi kumi na mbili."

Yule mama akanitazama bila hasira. "Fundi, hilo jiwe liliangukia pale nilipokuwa nimemlaza mtoto shambani. Nilikuwa ndio nimemwinua anyonye. Sasa hizo kumi na mbili ni za nini?"

Aibu ilinishika. Hakimu aliandika kumi na mbili, maana karatasi ilitaka nambari, na mwizi akafungwa. Lakini jiwe nililibeba mwenyewe hadi kwa yule mama. Aliyelipokea mlangoni, kwa mikono miwili, alikuwa mwanawe, yule mtoto wa shambani, sasa mwanamume mwenye ndevu.

Mnunuzi wako mwambie aje kwangu. Nitamwonyesha kwanza ile shuka aliyoishona nyanya yako kwa cherehani hiyo ili tukupokelee ulipozaliwa. Aanzie kupima hapo.

Babu yako