Gia Tatu za Shemeji

Sugar Land, Jumapili, 1998

Gia tatu. Injini kubwa kama ya lori, kelele mtaa mzima, halafu gia tatu tu. Hata pikapu ya mkaa ina nne. Na Salim, ndugu wa mke wangu, analipangusa hilo gari lake la zamani kama anampamba bibi harusi.

Leo kalileta tulione. Kila akibadilisha gia zinasaga. Mie niliyeendesha malori Mombasa hadi Kampala miaka kumi na miwili nikashindwa kuvumilia. "Toka hapo nikufundishe," nikamwambia, kwa sauti, mke wangu asikie.

Nikakanyaga klachi, nikasukuma gia mbele kushoto, pale ilipo namba moja katika kila gari nililowahi kuendesha. Likaruka nyuma, likaubonyeza mlango wa gereji yangu.

Mpumbavu gani aliweka rivasi pale?

Mke wangu aliingia ndani. Salim akainama dirishani, akasema polepole, "Hata mie siku ya kwanza nilikosea hapo hapo, shemeji."

Angecheka tu, ningemdharau kwa raha zangu.