Usiku wa Ijumaa ni Usiku Gani?

Alhamisi, Madungu. Mvua imeshuka mara tatu leo, na mara tatu majirani wametoka mbio kuokoa karafuu zao walizoanika, wakiyakunja majamvi na kuyakunjua tena kila jua lilipochungulia. Mimi nimekaa barazani, laptopu mapajani, na moyo wangu nao haujatulia pahala pamoja tangu asubuhi.

Zimebaki siku sita.

Jumatano ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa Unguja kwenye mkutano wa teknolojia. Ule ule ambao kila mwaka nilikuwa nikiutazama kwenye simu kama mtu anayechungulia harusi dirishani. Safari hii nimealikwa. Barua pepe ilisema programu yangu imechaguliwa, nitapewa meza yangu mwenyewe na dakika tano za kusimama jukwaani. Niliisoma dukani nyuma ya majora ya vitambaa nikapiga kigelegele. Mteja akauliza nani kaolewa.

Kwa asiyenijua: jina langu Riziki, mchana nauza vitambaa katika duka la Mzee Jivan hapa Chake. Kuandika programu za simu ni mapenzi yangu tu, nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video na kwa kukosea sana. Hii niliyoalikiwa inaitwa Mwaliko. Unaiandikia shughuli vile vile ulivyoambiwa kwa mdomo, iwe hitma, harusi au maulidi, nayo inakukumbusha siku ikifika. Haipigi kengele, inasema. Na sauti inayosema ni yangu mimi, kwa sababu niliitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja ambaye macho yake hayapatani tena na herufi ndogo.

Mtu huyo ni shangazi yangu, Bi Mize, dada wa baba. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka minane. Anakaa nyuma ya msikiti, hatua chache kutoka hapa, na ni msomaji wa maulidi ya wanawake. Akianza kusoma, hata watoto wakorofi hunyamaza. Nampenda kuliko ninavyoweza kumwambia, na nikimwambia atajivuna, kwa hiyo naandika hapa ambapo hasomi.

Nguo za safari nimezipiga pasi tangu Jumapili. Maneno ya jukwaani nayasema mbele ya friji, ambalo mpaka sasa halijaniuliza swali gumu. Nimeuliza watu wawili kama kwenye mikutano hiyo mtu hukaa na viatu au huvua. Wamenicheka wote wawili.

Sasa niseme jambo ninalolikwepa tangu nilipoanza kuandika.

Wiki iliyopita kulikuwa na maulidi Vitongoji, kwa Bi Saada, ya arobaini ya mjukuu wake mchanga. Shangazi alialikwa akasome. Usiku wa Ijumaa, baada ya Isha. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia kwenye simu yake, maneno hayo hayo.

Hapa kwetu kila mtu anajua usiku wa Ijumaa ni upi. Ni ule unaoingia Alhamisi jua likizama. Usiku hutangulia na mchana hufuata, hata mtoto wa chuo cha Kurani anaijua hesabu hiyo. Lakini nilipokuwa naandika Mwaliko nilifuata kalenda ya kompyuta, na kwa kompyuta siku hugeuka saa sita ya usiku, watu wamelala, bila hata adhana. Usiku wa Ijumaa kwake ni Ijumaa usiku. Mgeni angeuliza kwanza, na mzee wa kijijini Gando asingekosea kamwe. Nimekosea mimi, niliyezaliwa humu humu.

Basi Alhamisi simu ya shangazi ikakaa kimya. Ijumaa alasiri ikasema kwa sauti yangu, "Shangazi, leo kuna maulidi Vitongoji." Akavaa, akajifukiza udi, akapanda gari. Alipofika akakuta watu wanasugua masufuria.

Maulidi yalishasomwa jana yake, na msomaji mwingine. Walimpigia simu mpaka wakachoka, lakini shangazi huizima simu ikiingia magharibi ili chaji isiishe bure.

Habari niliipata Jumamosi, dukani, kutoka kwa mteja aliyekuja kutafuta kitambaa cha mapazia. Masikini Bi Mize, alisema, uzee umemwingia, kasahau maulidi. Tena mwenyewe kakiri mbele ya watu kwamba kichwa chake kimechoka. Mimi nikaelewa pale pale. Nikaendelea kupima kitambaa.

Sikusema neno.

Wala siku ya pili yake sikusema, wala ya tatu. Nimepita mlangoni kwa shangazi kila siku nikimsalimia juu juu, nina haraka, nimeacha chungu motoni. Niliogopa kwamba ikijulikana, Mwaliko itakuwa kichekesho cha Chake nzima kabla sijapanda boti. Kwa hofu hiyo nilimwacha mwanamke aliyenilea aonekane amepungukiwa na akili.

Juzi Mzee Jivan aliniuliza mbona nimenywea. Nilimwambia nusu, ile nusu ya kompyuta. Akacheka kweli kweli. "Sisi Mabaniani siku yetu huanza jua likitoka," akasema. "Hiyo ya saa sita ya usiku sijui kaileta nani. Wezi labda." Nilicheka naye, halafu nikajiona mdogo zaidi, maana nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa inaniuma.

Leo baada ya alasiri nikaenda. Shangazi alikuwa amekaa ukumbini anachambua karafuu za jirani, rundo limemfika magotini. Nikakaa nikachambua naye kidogo, kisha nikayatoa yote kwa mkupuo mmoja.

Hakuinua kichwa. "Najua," akasema.

Alijua tangu Ijumaa ile ile, amesimama mlangoni kwa Bi Saada, hajavua hata viatu. Kwa sababu Alhamisi alikuwa tayari. Alikuwa amekwisha kuvaa, kitabu kimo mkobani, anangoja sauti yangu tu imwambie nyanyuka. Simu ilipokaa kimya akaona labda maulidi yameakhirishwa. "N'kasema Riziki ndo ajuaye, kaisomea." Akavua nguo akalala. Na kesho yake, walipomuuliza kulikoni, akawaambia amesahau.

Nikamuuliza kwa nini hakusema ni simu.

"Miye n'nasoma maulidi tangu babaako hajaoa," akanijibu. "Wakisema n'mezeeka, kwani uwongo? Weye ndo kwanza wataka kutoka mbele za watu. N'ngewaambia ni simu yako, wangekucheka mpaka huko Unguja wasikie."

Nililia. Nikajipangusa macho kwa vidole vyenye karafuu, na aliyewahi kufanya hivyo anajua kilichofuata. Nikawa naruka ukumbini kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto, na shangazi, badala ya kunihurumia, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Ndipo akaniosha macho kwa mikono yake mwenyewe, polepole, vile alivyokuwa akiniosha zamani. Kisha akanikaripia. Si kwa kukosea. "Kukosea si kitu. Siku zote hizo wanipita mlangoni kama hunijui! Chungu gani hicho kisichoiva?"

Laiti yangeishia hapo, ningekuja kuandika kwa furaha tupu. Lakini nilipokuwa nataka kuondoka akanambia jambo lingine, uso kautia kwenye karafuu. Wanawake wa maulidi wamekaa wakakubaliana apumzishwe. Maulidi makubwa ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, atasoma huyo huyo aliyesoma kwa Bi Saada. Wamelifanya kwa wema, wanamwonea huruma. "Kupumzika nako kuzuri," akasema shangazi, na sauti ile ninayoijua ikiwa juu ya vichwa vya watu hamsini haikufika hata mlangoni.

Hapo ndipo nilipojua nimemnyang'anya nini.

Nikamwambia nitakwenda Vitongoji kusema kweli. Akanikataza. Kwanza nende Unguja, akasema, nirudi salama, hayo mengine yatazungumzwa baadaye. Nikaitikia, ndiyo shangazi. Ni uwongo wa kwanza niliomwambia wiki hii ambao sijutii.

Nimerudi nikaitengeneza Mwaliko. Mistari mitatu tu. Sasa mtu akiandika "usiku wa" siku fulani, programu inarudi nyuma mpaka magharibi inayotangulia. Nimeijaribu kwa siku zote saba na haikukosea. Inaudhi namna ilivyokuwa rahisi. Na kule jukwaani nimeamua nitaanza na hadithi hii hii, jina la shangazi nikilificha, langu nikiliacha wazi. Kama dakika tano zitaisha kabla sijafika kwenye sifa za programu, basi ziishe.

Lakini Unguja wanaweza kungoja. Wa kuambiwa mwanzo ni Bi Saada na wenziwe. Kwa mdomo, uso kwa uso, maana kwetu radhi haitumwi kwa simu. Nitawaambia Bi Mize hakusahau kitu. Alhamisi alikuwa amevaa, kitabu kimo mkobani, na aliyemweka nyumbani ni mimi. Watacheka, na wana haki. Pengine Jumatano kuna mtu atanitangulia Unguja na kichekesho changu. Sawa. Ila Mfungo Sita asome mwenyewe.

Nilikuwa nimepanga niende kesho, Ijumaa, baada ya sala ya mchana. Nikaanza hata kuandika hapa kwamba usiku mmoja wa kujikaza unanitosha. Muadhini akanikatiza. Jua limezama, magharibi imeingia, na kwa hesabu niliyoisahau wiki iliyopita hiyo Ijumaa ndiyo hii, imeshafika.

Nasali, kisha navaa buibui. Gari za Vitongoji bado zipo.