Tulivyowapigia Makofi

Alhamisi

Na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kubaki na mikono mfukoni makofi yalipoitishwa.

Tulienda mkutanoni kwa chifu kukataa. Watu wa mradi wa maji tulikuwa tumekubaliana: hicho kituo cha data kisijengwe hapa Endarasha, kwa sababu mitambo yake itapozwa kwa maji ya mto huu wetu. Maji yenyewe tunagawana kwa zamu. Kwangu yanafika Jumanne tu.

Jirani yangu Mama Wambui alisimama mbele ya afisa wa kaunti aliyeleta habari za kituo. "Ati kompyuta zinywe maji? Mimi niko na ng'ombe wawili na kabichi. Hivyo vyangu nivipatie nini?"

Afisa akasema amesikia.

Halafu chifu akatuambia tuwapigie wageni makofi ya kilo, yale ya kupiga kwa mpigo mmoja, kama kila mkutano ukiisha. Tukapiga. Ni heshima tu, mgeni haagwi hivi hivi.

Afisa akasimama tena. "Asanteni. Nitaripoti kwamba wananchi wameupokea mradi wa kituo kwa furaha." Mama Wambui alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Magari yalikuwa yameshaondoka.

Bila maji ya Jumanne sina viazi, sina kabichi, sina… Mume wangu anauliza tutafanya nini. Nimemwambia anyamaze.

Jioni hii video ya mkutano imefika kwa simu yangu. Inaanzia kwa makofi. Mama Wambui hayuko. Mimi niko pale mbele kabisa, natabasamu, napiga kwa nguvu kuliko wote.