Nywele za Dada Somoe Maonyeshoni Ruangwa

Dada Somoe, pokea salamu za moto wewe na Nachingwea nzima!

Mdogo wako nina bahati, hata nikijikwaa naangukia kwenye pilau. Nimeingia kwenye maonyesho ya vinyago, nikawamwagia walinzi maneno yangu ya safari za Dar na Msumbiji, na zile nywele ulizoniagiza ninazo mfukoni. Tutazizika nyumbani, kichwa kikupoe.

Kinyago alichochonga Marehemu Baba, kile cha kuvaa ngomani, wamekiweka kati ya kanga wa vioo na mijusi ya mpingo. Nywele ulizonyolewa ulipotoka unyagoni, ambazo Baba alizibandika kichwani mwake kwa nta, bado zipo. Lakini zimeota mvi, Dada, tena kuanzia juu ya sikio la kushoto kama zako!

Nikamuuliza mama mmoja anayevilinda vinyago, "Nani kazipaka chokaa?"

"Hakuna, baba. Zilikuja nyeusi tii."

"Ni za dada yangu. Yu hai, kichwa hakimwachi."

Akarudi nyuma. "Basi ng'oa uende nazo. Mimi nilishagusa mara moja, sirudii."

Nikaweka kiganja juu ya zile nywele. Pana joto kama utosi wa mwenye homa, na panadunda.

Kunywa uji, usitoke juani. Korosho waokote wenye vichwa vizima. Nakupenda kuliko chapati za hapa, na chapati za hapa si mchezo.

Mdogo wako, Hashimu.

Dada, nimekudanganya. Nywele sijazing'oa. Niliogopa nikivuta huku, utapiga yowe huko.