Wataweza Kulitamka

Mpendwa Mama,

Unaikumbuka ile jioni niliyorudi kutoka karakana ya Hockley nikakuambia kwamba Mzee Gurdev, aliyenifundisha usonara, amenishauri nijitengenezee jina? Ndivyo Waingereza wanavyosema kuhusu mtu anayetaka kujulikana. Ulikuwa unamenya muhogo jikoni kwetu hapa Uingereza, mtaa wa Acocks Green. Ukaweka kisu chini.

"Jina unalo. Nilikupa mimi, la bibi yako. Huyo mzee wa Nakuru anataka utengeneze mangapi?"

Tulicheka mpaka ukajishika mbavu. Lakini ulikuwa umenielewa. Kuanzia siku ile ulivaa bangili yangu ya kwanza ya fedha, ile iliyopinda, ukawa unawaonyesha hata watu usiowajua kwenye kituo cha basi.

Baadaye mwenye duka moja mtaa wa Moseley alizipenda bangili zangu. Alikuwa tayari kuziuza zote, ila kwa sharti kwamba ziandikwe "Missy", kwa kuwa wateja wasingeweza kutamka Mwanahamisi. Nilikuja kukueleza hospitalini ulikolazwa, nikiwa nimeshaamua kukubali. Nilikuambia nataka uzione dukani kabla... Sikumaliza. Ulinyoosha kidole kwenye dawa zako.

"Soma majina hayo. Manesi wanayatamka yote, tena haraka haraka. La bibi yako ndilo litawashinda?"

Nilimpigia simu yule mwenye duka palepale kando ya kitanda chako, nikakataa.

Hukuziona dukani, Mama. Baada ya kukuzika nililijutia jibu lile kwa miezi. Nikawa natengeneza pete za oda za watu wengine, na bangili zangu zikalala kwenye droo.

Mwezi uliopita nilizitoa. Jumamosi iliyopita nikazipeleka sokoni mwenyewe, nikatandika kitambaa, nikaandika jina zima kwenye kadi. Asubuhi nzima watu walipita tu. Kisha mwanamke mmoja akachagua bangili, akainama kuisoma kadi, akakosea, akarudia.

"Nisaidie," akasema. "Dada yangu ataniuliza ni kazi ya nani."

Nikamsaidia, silabi kwa silabi. Aliondoka akiwa bado analirudia.

Niliuza hiyo moja tu. Sijulikani bado, na huenda ikachukua miaka. Lakini Jumamosi hii narudi, na ijayo pia, mvua inyeshe isinyeshe. Atakayeshindwa nitamfundisha.

Pumzika, Mama. Mimi nina kazi.

Mwanao,
Mwanahamisi